Usukani wa boti ya jeti: kebo mpya, haidroliki, au mapezi ya nozeli?

MwanaTudor

Salaam aleikum nduzangu. Nina boti ya jeti ya futi 23, Yamaha ya injini mbili za MR-1. Nimeinunua mkono wa pili na sasa iko Mtwapa. Shida ni mbili. Usukani ni mzito, na kugeuza kulia ni kuzito zaidi. Halafu tukiingia kriki kwa mwendo wa pole omo (mbele ya boti) haitulii, inakwenda upogoupogo. Nikiirekebisha kushoto inapitiliza, nikiirudisha kulia inapitiliza tena. Kusi likivuma, kufunga gati ni aibu tupu mbele za watu.

Nimeulizia kwa mafundi nikapewa majibu matatu. Mmoja anataka nibadilishe kebo pamoja na gia ya usukani, niweke ile aina ambayo gurudumu halirudishwi na maji. Wa pili anasema niachane na kebo kabisa, nifunge haidroliki. Wa tatu anasema ninunue yale mapezi ya kampuni nyingine yanayofungwa kwenye nozeli, ule mdomo wa nyuma unaotoa maji. Bei zake ni mbingu na ardhi, kwa hiyo nataka kuwasikia waliowahi kuvitumia. Boti ni ya familia, ila mara moja moja nabeba wageni wa kulipa.

FundiWaBandari

Wa aleikum salaam kaka. Wote watatu wamekupa dawa bila kukupima. Wewe una maradhi mawili, na dawa ya lile la kwanza haitibu la pili.

Uzito wa usukani ni mambo ya vyuma: kebo, bushi (zile pete za kwenye viungo), gia. Kutangatanga ukienda polepole ni tabia ya jeti yenyewe. Boti hii haina msukani, yaani ubao wa kugeuzia, ndani ya maji. Inageuka kwa sababu nozeli inayaelekeza maji yanayosukumwa na impela (feni ya ndani ya pampu), upande huu au ule. Ukipunguza mafuta, maji hayasukumwi, na hapo gurudumu unaweza kulizungusha mpaka uchoke. Haidroliki itakulainishia gurudumu, na boti itaendelea kutangatanga vilevile.

Kabla ya kutoa hata senti, pandisha boti kwenye trela, zima kila kitu, fungua kebo pale inaposhika mkono wa nozeli. Kwenye boti yako kebo ni moja: inashika nozeli moja, na fito ya katikati ndiyo inayoivuta ya pili. Sukuma nozeli kwa mkono. Zikienda bila ubishi, ugonjwa uko kwenye kebo au kwenye gia. Zikigoma, fungua na ile fito ujue ni ipi iliyokwama. Mara nyingi utakuta bushi zimejaa chumvi, na hizo ni bei ya chai. Ukiwa hapo hapo zitikise juu na chini. Zikigonga, bushi zimeliwa, na mchezo huo nao unachangia omo kutotulia.

Chungulia pia wavu wa kuingizia maji chini ya boti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 lakini kriki zetu hazijapata habari. Pampu moja ikinyimwa maji, inasukuma kidogo kuliko mwenzake, na boti inavuta upande. Utalaumu usukani bure.

NahodhaKusi

Mimi niko na mapezi, na sirudi nyuma. Ni vipande vya plastiki ngumu vinavyokazwa ubavuni mwa nozeli na kugeuka pamoja nayo. Ukiwa polepole yanafanya kazi ya msukani: injini ikiwa imepumzika, maji yanayopita chini ya boti yanakuta kitu cha kuegemea. Yamaha wenyewe baadaye walianza kufunga pezi la namna hiyo kiwandani kwenye boti zao za futi 24, kwa hiyo usimsikilize atakayekwambia ni urembo.

Faida yake kubwa mimi naiona kwenye hatari. Mtu akitokea ghafla mbele, mkono wa binadamu hukimbilia kupunguza mafuta. Kwenye boti ya propela bado utageuza kiasi. Kwenye jeti umejifunga mikono mwenyewe, boti inateleza moja kwa moja kule kule ulikokuwa ukikukimbia. Ndani ya hifadhi ya bahari, pale nje ya Nyali na Bamburi, maji yamejaa watu wenye miwani wanaotazama samaki. Pale unataka boti inayokusikiliza hata ikiwa haivuti. Mapezi hayatakuwa breki, hilo tuelewane, ila yatakupa nafasi ya kumkwepa mtu.

MtuWaMwamba

Nahodha, sikatai kwamba yanafanya kazi. Nauliza yanafanya kazi wapi. Bill Hamilton wa New Zealand alipohangaika na jeti miaka ya 1950, alikuwa anatafuta boti ya kupita kwenye mito ya maji haba bila kitu kuning'inia chini. Leo sisi tunanunua kitu cha kuning'iniza.

Kwetu bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupandisha na kushusha maji karibu mita 4. Maji yakipwa, ndani ya mwamba kuanzia Nyali mpaka Shanzu ni mchanga, majani na vichwa vya matumbawe. Hapo ndipo jeti inapomshinda mwenye propela. Pezi likishuka chini ya mkuku (uti wa chini wa boti), umeuza ubora huo. Kamba za madema na nyavu nazo zinapenda kunasa kwenye kitu chenye pembe. Halafu mwambie mwenzako na hili: mapezi yanaongeza mzigo kwenye mkono wa nozeli na bushi zake. Ukiyafunga juu ya bushi zilizoliwa, umeongeza ugonjwa. Na kwa kasi, kona ambayo zamani boti ilikuwa inateleza kidogo sasa inashika kwa nguvu. Abiria aliyesimama atakwenda baharini.

MwanaTudor, kuhusu kutangatanga, nikuulize: unapoona omo inakwenda kushoto, unasubiri au unageuza papo hapo? Jeti kwa mwendo wa pole hupepesuka kidogo kulia, kidogo kushoto, lakini ukiangalia nyuma mkia wako wa povu umenyooka. Anayeifukuza kwa gurudumu kila inapopepesuka ndiye anayeikuza. Chagua alama mbele, mnazi au paa la nyumba, ushike gurudumu uliache. Na gatini una injini mbili, hiyo ni neema. Gurudumu katikati, moja mbele, moja nyuma, boti itajizungusha mahali pake.

KijanaShanzu

Wakuu, jua kali wa Changamwe hawawezi kukata hayo mapezi kwa stenlesi? Nimeyaona pichani, ni bamba na bolti chache tu.

FundiWaBandari

Wanaweza, na hapo ndipo pabaya. Pezi la plastiki likigonga mwamba linavunjika lenyewe, unanunua lingine. La chuma halivunjiki. Kitakachovunjika ni mkono wa nozeli au nozeli yenyewe. Tena nozeli ni alumini, na alumini ikigusana na bamba kubwa la stenlesi ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Bolti za stenlesi namba 316 hazina neno, zipake grisi ya baharini na hakikisha zinki zako, vile vipande vinavyoliwa badala ya alumini, bado zina nyama. Bamba zima, hapana.

Kuna na aina ya mapezi yanayojikunja yakigusa chini. Bei iko juu, na penye kiungo pana mchanga wa kuingia, lakini kwa maji yetu ndiyo ningeyafikiria kwanza.

BintiMvita

Naona haidroliki imeachwa yatima, ngoja niisemee. Nasimamia boti za abiria na zenye haidroliki zipo. Ndani yake ni pampu ndogo nyuma ya gurudumu, mipira miwili ya oili mpaka nyuma, na silinda inayosukuma mkono. Raha yake ni kwamba hakuna waya wa kuota kutu ndani ya ganda, na urefu wa boti hauna neno: mpira unapinda utakavyo. Kwenye jeti kubwa za boti za kazi ni jambo la kawaida.

Kwa boti ya futi 23 yenye nozeli mbili ndogo, mimi nisingeifunga. Nozeli hizo ni nyepesi, kebo nzima inazigeuza kwa vidole viwili. Silinda nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa injini za nje, zile zinazoning'inizwa nyuma ya boti, mwendo wake ni mrefu kuliko safari ya mkono wa nozeli yako. Usipoweka kizuizi sawasawa, siku moja utazungusha mpaka mwisho na silinda itaendelea kusukuma baada ya nozeli kufika. Gurudumu halitakwambia kitu, ila utasikia mlio.

Halafu matunzo. Hewa ikiingia unazungusha na boti haina habari, na kuitoa kunataka watu wawili na subira. Oili ni ile ya usukani wa haidroliki ya baharini. Sitaki kusikia mtu ametia mafuta ya breki kwa sababu duka la oili lilikuwa limefungwa, yanaharibu sili zote.

Na ile gia ambayo gurudumu halirudishwi, kampuni ya SeaStar na wenzake waliitengeneza hasa kwa ajili ya injini za nje, ambako propela inavuta upande mmoja na kuchosha mkono. Jeti haina mvuto huo. Ukiinunua, umelipia dawa ya ugonjwa usio nao.

Jambo la mwisho. Umesema unabeba wageni wa kulipa. Basi boti yako ni ya kukaguliwa na Kenya Maritime Authority, na usukani ni kitu wanachokiangalia. Ukibadilisha mfumo mzima, ongea na mkaguzi kabla, asije akakuta kitu kipya siku ya ukaguzi akaanza kukuuliza nani amekifunga.

NahodhaKusi

Bi Mvita, kwa haidroliki umeniwahi. Ila MtuWaMwamba anazungumza kama sote tunaishi juu ya mwamba. Boti ya mwenzetu iko Mtwapa. Kriki ile ina kina, na kazi yake nyingi ni kuingia, kutoka na kufunga gati.

MtuWaMwamba

Na wageni wanapelekwa wapi? Kutazama maji ya kriki?

MwanaTudor

Jamani msigombane, nimefanya kama Fundi alivyosema. Kebo imefunguliwa, nozeli zote mbili nazisukuma kwa kidole, hazina ubishi. Ya kushoto inagonga kidogo, ile ya kulia haigongi. Gurudumu likiwa halijashika kitu bado ni zito vilevile, na kule nyuma ganda la kebo limepasuka na limevimba. Kwenye wavu wa pampu ya kulia nimetoa kipande cha kamba ya nailoni na gunia lililochakaa. Sijui lilikaa humo tangu lini.

Nimejaribu na lile la kutogeuza papo hapo. Bado inatangatanga, lakini si kama zamani. Kwa hiyo haidroliki nimeiondoa, na gia isiyorudishwa pia. Nabaki na kebo, na mapezi nayaweka pembeni kwanza. Swali: kebo naagiza ipi? Duka moja hapa mjini wananiambia kebo ya usukani ni kebo, nichukue yoyote ya futi zinazolingana.

FundiWaBandari

Usikubali. Kebo ya injini ya nje hupita kwenye bomba la kuinulia injini, na ncha yake imetengenezwa kwa hilo. Ya kwako inakazwa ukutani mwa boti na kushika mkono wa nozeli, ncha ni nyingine na kifungio ni kingine. Tafuta namba iliyochapwa kwenye ganda la kebo ya zamani, mara nyingi iko upande wa gurudumu ambako jua halijaifuta. Agiza kwa namba hiyo pamoja na namba ya boti. Ya kampuni nyingine inakubalika kama wameandika wazi kwamba inachukua nafasi ya namba yako. Ikiwa yasema tu "inafaa boti za jeti", waachie wenyewe.

Agiza pamoja na bushi za nozeli zote mbili, si ya kushoto peke yake, na boljointi ya mwisho wa kebo. Mzigo ukiwa mmoja unalipa usafiri mara moja. Wakati wa kulinganisha bei ya Dubai na ya Marekani, usisahau ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 juu yake. Wengi hufurahia bei ya mtandaoni kisha wanaduwaa kwa wakala.

Gia uijaribu ikiwa haina kebo kabisa. Ikizunguka laini, ibakie. Ikiwa na mchanga ndani au inakwama mahali, ibadilishe kwa ya kawaida, ya aina inayopokea kebo hiyo hiyo.

KijanaShanzu

Kebo ya zamani haiwezi kutiwa grisi ndani ikaendelea? Mimi yangu huwa naitia oili kwa sindano.

FundiWaBandari

Itakupa wiki mbili tatu za kujidanganya. Ganda likishapasuka maji ya chumvi yameshaingia, waya ndani unavimba kwa kutu, na siku ya kukwama itakwama ukiwa umegeuza. Grisi ni ya ile fimbo inayotoka nje na ya viungo, basi.

BintiMvita

MwanaTudor, siku ya kufunga, kabla hujaivuta kebo ya zamani funga kamba nyembamba imara kwenye ncha yake ya mbele, kisha ivute kutokea nyuma. Kamba itabaki imepita njia yote chini ya sakafu, na ndiyo itakayoivuta kebo mpya. Bila hiyo utafungua viti na nusu ya boti. Njiani usiikunje chini ya duara lenye nusu kipenyo cha inchi 8, ikikunjwa kona kali itakuwa nzito ingali mpya. Ukishakaza, weka gurudumu katikati kwanza, halafu urekebishe ile fito mpaka nozeli zote mbili zitazame nyuma sawasawa. Tumia rula, usiamini macho. Nozeli moja ikitazama pembeni kidogo, utarudi hapa kuuliza tena habari ya mapezi.