MREJESHO: Orodha yangu ya vyuo vya MD-PhD imepatikana

Habari zenu wakuu. Mwezi wa pili niliwauliza nipunguze vipi orodha ya vyuo 31 vya Marekani vya kusomea udaktari wa tiba na uzamivu kwa pamoja.

Aliyeniokoa ni dada aliyesema nianze na viza yangu. Fedha za MSTP, mpango wa serikali yao wa kufadhili masomo haya ulioanza 1964, ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Mimi nina viza ya mwanafunzi. Nikaandikia ofisi moja moja: mnapokea wageni, na ada analipa nani? Wengi walijibu kwa mstari mmoja: hapana. Iliniuma, jamani. Vikabaki 9.

Kisha nikatafuta watafiti wa malaria, maana ndiyo iliyonivuta maabara. Chuo chenye profesa mmoja tu nilikitoa. Masomo haya huchukua kama miaka minane; akihama katikati, nabaki na nani?

Vimebaki 6. Sasa naandika insha tatu za kuombea nafasi. Ya utafiti nimeifuta mara nne: nilieleza mashine, nikasahau swali lenyewe nililolitafutia jibu.

Dada yule, Mungu akubariki sana.