Tupeane uzoefu: uliyefika kwenye karatasi ya kura ya rais Marekani ukaona hakuna wa kumpa, ulifanyaje?

Mtoto wa Ngamiani
Wakuu habari za humu. Juzi kijana wangu katimiza 18, kakaa mezani anajaza fomu ya kujiandikisha kupiga kura, mara ananiuliza tu kama mtu anayeulizia chumvi, baba we mara yako ya kwanza ulimpa nani? Nikajifanya natafuta rimoti.

Ukweli ni huu. Niko Grand Rapids, Michigan, niliapa uraia mwanzoni mwa 2016 na hamu ya kupiga kura ilikuwa balaa. Novemba 8 natoka shifti ya usiku ghalani nikapitiliza kituoni, ukumbi wa kanisa, sijala sijaoga. Napewa karatasi ndefu kama kanga, unajaza viduara kwa kalamu. Juu kabisa rais. Clinton simtaki, Trump simtaki, yule wa chama cha Libertarian simjui, yule mama wa chama cha Green simwelewi. Nikasema ngoja nishuke chini nitarudi. Nikajaza bunge, nikajaza majaji ambao hata sura zao sijawahi kuziona, nikajaza bodi ya shule, nikageuza nyuma nikamaliza na huko. Juu sikurudi. Mashine ikaimeza, namba ikaruka moja mbele, nikapewa stika nikabandika kwenye jaketi la kazi.

Hesabu zilipokamilika Trump kachukua Michigan kwa kura 10,704. Jimbo zima! Baadaye ikaja kusemwa kwamba karatasi zaidi ya elfu 75 hapo kwa rais zilikuwa wazi. Mojawapo yangu. Bi mkubwa akapiga simu kutoka Tanga, yeye mwaka mmoja nyuma alidamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni ile ya Magufuli na Lowassa, akashinda anaonyesha watu wino kidoleni kama pete ya ndoa, ananiuliza mwanangu umempa nani? Nikamwambia mama huku ni siri.

Leteni na zenu nisijione peke yangu.

BintiPwani
Hauko peke yako kaka. Mimi 2016 hiyohiyo, Milwaukee. Sikwenda kabisa, nililala.

Kamanda wa Dallas
Kwahiyo we ndio ulimleta Trump. Miaka yote tunamtafuta mtu mwenyewe kumbe yuko humu anakula ugali.

Mtoto wa Ngamiani
Kamanda nishushe taratibu, nina presha.

Mhasibu Mstaafu
Tuache lawama tupige hesabu. Michigan hiyohiyo Jill Stein wa Green alipata 51,463, Gary Johnson wa Libertarian alivuka laki na sabini. Wisconsin tofauti ilikuwa 22,748, Pennsylvania elfu 44 na ushee. Jumlisha majimbo yote matatu haifiki watu elfu 78, hao hawajazi hata uwanja wa mpira wa chuo kikuu cha Michigan pale Ann Arbor. Na Clinton nchi nzima alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9, lakini huku wanahesabu wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, wako 538, ukifika 270 umemaliza. Kwahiyo ukimlaumu mmoja walaumu wote.

Kamanda wa Dallas
Sawa mhasibu, nawalaumu wote. Nianze na huyu.

Dereva wa Vegas
Nyie mnateseka bure hamieni Nevada. Huku karatasi ya kura yenyewe ina mstari umeandikwa "Hakuna hata mmoja kati ya hawa", ipo tangu 1976, unajaza kiduara chako kwa raha zako. Mimi 2016 niliijaza, na waliojaza tulikuwa 28,863 wakati Clinton alishinda jimbo kwa 27,202. Yaani Hakuna alikuwa na watu wa kutosha kugeuza meza!

Mhasibu Mstaafu
Malizia stori basi. Huyo Hakuna hata akiongoza hapewi chochote, anachukua anayemfuatia.

Dereva wa Vegas
Najua. Ndio maana nikaiita raha zangu.

Asiyejali
Mi niko Los Angeles tangu 2012 sijagusa karatasi. California inajulikana inakwenda wapi kabla sijaamka, sasa nipoteze mafuta ya gari kwa lipi? Na Jumanne! Nchi tajiri hivi inapigisha watu kura siku ya kazi kwa sababu ya sheria ya 1845 enzi wakulima wanakwenda na farasi.

Mama Wawili
Asiyejali usinitie hasira asubuhi. California wanakutumia karatasi mpaka mlangoni, unajaza umekaa kitandani, mafuta ya gari ya nini?

Mimi niko nje kidogo ya Atlanta. Juni 2020 kwenye mchujo, ule wa vyama kuchagua wagombea wao, korona imepamba moto, natoka kuwahudumia wazee usiku kucha nikaenda kituoni saa moja asubuhi nikijua saa mbili niko kitandani. Mashine mpya zimegoma. Foleni imezunguka jengo imeingia barabarani, jua la Georgia mnalijua, barakoa imelowa jasho, miguu imevimba viatu nikavivua nikasimama na soksi kwenye lami. Mbele yangu bibi mmoja mweusi wa makamo ya mama yangu kaja na kigoda chake cha kukunja, anakaa, foleni ikisogea anakibeba hatua tatu anakaa tena. Nikamwambia bibi si urudi mchana, akaniambia nimekuja na kigoda kwa sababu nawajua hawa. Tuliingia ndani saa sita na nusu. Na wala huyo mgombea niliyemsimamia simkumbuki jina! Novemba Biden akachukua Georgia kwa 11,779. Mwaka uliofuata wakapitisha sheria, hata kumgawia maji mtu aliye kwenye foleni ni kosa. Sasa we lala na kura yako ya kuletewa.

Asiyejali
Samahani mama.

BintiPwani
Hicho kigoda kimeniliza jamani.

Mgeni Rasmi
Nilikuwa nasoma tu humu, ila hii imenigusa pabaya ngoja niseme.

Nilikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi, kile kibali cha kuishi huku bila kuwa raia, 2014, jimbo moja la kusini silitaji. Nikaenda kuchukua leseni ya gari, yule dada wa dirishani anaongea kama cherehani, anauliza maswali mfululizo uzito urefu rangi ya macho utachangia viungo utajiandikisha kupiga kura, mi naitikia yes yes yes, Kiingereza changu kilikuwa cha kuitikia. Wiki kadhaa bahasha inafika, kadi ya mpiga kura, jina langu kamili. Nikaipiga picha nikarusha kwenye grupu la familia, shemeji yangu Morogoro akaandika hongera mheshimiwa.

Novemba 2016 nimepiga pasi shati, nimeenda. Mezani kuna mama mzee wa kizungu miwani imening'inia kwa mnyororo, akalipata jina langu, akanigeuzia daftari nisaini. Juu ya sehemu ya kusaini imeandikwa kwamba natamka mimi ni raia wa Marekani. Kalamu ishagusa karatasi. Sijui nani alinishika mkono, nikamuuliza, mama, grini kadi inahesabika? Akavua miwani. Akaangalia kushoto na kulia, akasema polepole, mwanangu, weka kalamu chini, nenda nyumbani, na usirudi hapa mpaka uape. Nikatoka kwa mgongo kama mtu aliyefumaniwa.

Nikadhani yameisha. 2019 nimeomba uraia, fomu ina swali: umewahi KUJIANDIKISHA kupiga kura? Kujiandikisha tu, sio kupiga! Wakili akaniambia asiye raia akipiga kura ya rais ni jela na kufukuzwa nchini, hata kujiandikisha peke yake kunaweza kukutoa. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Nikaandika barua kwa ofisi ya uchaguzi wanifute, nikaomba uthibitisho kwamba sijawahi kupiga, wakili kala dola elfu mbili na mia tatu. Mwaka mzima na zaidi gari la polisi likipita nyuma yangu natetemeka, mke wangu ashaanza kuuliza bei za nyumba Morogoro. 2021 nikaapa, nililia mpaka ofisa akanipa tishu.

Sasa sikieni kituko. 2024 ndio mara yangu ya kwanza. Nimeingia kwenye kibanda na karatasi yangu halali, nimeipata kwa jasho na dola. Naiangalia. Trump namjua, simtaki. Harris, Biden alijitoa Julai 21 akawekwa yeye, mimi sikuulizwa, na nikimsikiliza sioni mtu wangu. Nikakaa mule dakika kumi, kijana wa kituo akaja kuuliza bwana uko salama?

Kamanda wa Dallas
Usiishie hapo!! Ulimpa nani?

Dereva wa Vegas
Huyu hawezi kutuacha hivi.

Mgeni Rasmi
Nilijaza. Nani hiyo mtakufa nayo.

Mama Wawili
Huyo mama wa miwani Mungu ambariki popote alipo. Wenye grini kadi humu mnasoma lakini? Ofisi za leseni jibuni HAPANA.

Wakili wa Mtaani
Ushauri wangu, ukiwa na grini kadi usikaribie hata jengo la kura.

Mhasibu Mstaafu
Wewe sio wakili. Jengo lenyewe mara nyingi ni shule au kanisa, asipeleke watoto shule?

Mkenya wa Brooklyn Park
Hehe hii thread imenikumbusha mbali. Minnesota unajiandikisha hapohapo siku ya kura, ndio maana sisi turnout yetu iko juu kila mara. Lakini niwaambie, 2022 nilipigia kura za Kenya huku Marekani na moyo ulikuwa unadunda, 2024 nikapigia za hapa ni kama kulipa bili ya stima. Simpendi, simchukii, nalipa.

Asiyejali
Na bado mnasema mimi ndio nina tabia mbaya.

Pemba hadi Dearborn
Hamjaongelea lililotukuta sisi. Februari 2024 hapa Michigan kwenye mchujo wa Democrat tulijaza "sijaamua" kwa ajili ya Gaza, zaidi ya watu laki moja, tukijua ujumbe kwa Biden umefika. Haukufika. Novemba nikampa Stein kwa macho makavu. Mji huu ambao 2020 ulikuwa wa Biden, Trump akaongoza, Harris wa pili, Stein karibu asilimia 18.

Kamanda wa Dallas
Na mkapata mlichokitaka?

Pemba hadi Dearborn
Kamanda we kwako Texas ulimpa nani na ulishinda nini? Kila uchaguzi unaambiwa huyu ni mbaya ila yule ni mbaya zaidi, shika pua umpe. Pua yangu imechoka kushikwa. Mtu anaomba kura yangu basi aiombe, asinitishe.

Mama Wawili
Ndugu yangu nakuelewa ila sikubaliani na wewe, watoto wangu wataishi na matokeo.

Pemba hadi Dearborn
Na wa kwetu wanakufa kwa matokeo. Tuishie hapo dada, sitaki tukosane.

Lewiston Bukavu
Miye niko Maine. Huku rais tunapanga namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kwanza wako akianguka kura inakwenda kwa wa pili. Nilimupa wa moyo namba moja na wa woga namba mbili. Nikalala vizuri.

Dereva wa Vegas
Wa moyo na wa woga! Hiyo hata kwenye ndoa.

BintiPwani
Mi ushauri wangu kwa kijana wa mleta mada: jaza kila kitu, hata kama unabahatisha.

Asiyejali
Usibahatishe. Acha wazi usichokijua.

Wakili wa Mtaani
Aandike jina la mama yake kwa kalamu. Sehemu ya kuandika ipo.

Mhasibu Mstaafu
Ipo, lakini Michigan jina la asiyejisajili kama mgombea wa kuandikwa halihesabiwi. Ni sawa na wazi.

Mkenya wa Brooklyn Park
Mhasibu wewe hukuwahi kufurahi hata siku moja?

Mtoto wa Ngamiani
Wakuu nimerudi. Nimemwambia kijana jana tukiwa kwenye gari, maana kwenye gari huangaliani usoni. Nikamweleza yote, Clinton, Trump, ile 10,704, bibi yake na wino. Nikasubiri anihukumu. Kanyamaza mpaka taa nyekundu ya pili halafu akaniuliza, kwa hiyo baba rais ulimwacha kwa sababu humpendi, ila majaji usiowajua ukawapa?

Kamanda wa Dallas
Mtoto ana akili kumzidi baba. Na hao majaji walishinda?

Mtoto wa Ngamiani
Sijawahi kuangalia.