Masomo ya dini form four: mtoto aambiwe yote kabla hajajisajili

Jamani wazazi wa Ujiji na Kigoma yote, naomba tuliongee hili. Mtoto wa dada yangu yuko form three, wiki iliyopita kanambia ticha wao kawashauri wachukue EDK (Elimu ya Dini ya Kiislamu) "itawabeba", na wenzao Wakristo wachukue Bible Knowledge, mama yake kakubali palepale.

Mimi ni Mwislamu nimekulia madrasa hapahapa Ujiji, somo lenyewe silipingi hata kidogo, nataka lisomwe tena lipate walimu wa maana, sio ustadhi anaejitolea anakuja Ijumaa moja mbili anapotea. Ninachopinga ni mtoto kupewa nusu ya habari.

Nusu iliyobaki ni hii hapa. Chukua tangazo la kujiunga na kozi ya cheti chuoni, utakuta wanataka angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini. Hayo maneno matatu ya mwisho watu wengi wanayaruka. Kaka yangu ana kijana alifaulu masomo manne tu: Kiswahili, Civics, Historia na EDK, na hiyo EDK ndo ilikuwa gredi yake nzuri kuliko zote, B. Nyumbani tulifurahi, kaka akauza mbuzi, ada ya kuombea ikalipwa, chuo wakamjibu una masomo matatu. Matatu! Kijana alilia, na kosa sio lake, toka form three mpaka anafanya mtihani hakuna mtu mzima hata mmoja aliemwambia, mimi ami yake na uzee wangu sikujua. Akarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka mzima umeenda hivyo.

Kuna wanaosema basi serikali inaichukia dini yetu. Hapana, hilo sikubaliani nalo, kigezo kinawakata wa Biblia vilevile kama wa EDK. Mnaweza kusema ni kigezo kibaya, hapo tubishane, maana hata mimi naona mtu aliesoma fiqhi na historia ya Uislamu akaandika hoja zikaeleweka katumia akili kama wa Historia tu.

Na hili la kwamba ni somo rahisi ndo linaniuma zaidi. EDK inafanywa kwa Kiswahili, wakati karibu masomo yote mengine mtihani ni Kiingereza, sasa mtoto aliekuwa anakaa kimya darasani miaka mitatu ghafla anaelewa swali, anajibu, anapata B. Huo sio urahisi wa somo, hiyo ni lugha. Nimewaona pia vijana waliokhitimu Qur'ani wakaanguka EDK kwa sababu walidhani watabebwa na walichosoma madrasa kwa ustadhi, hawakufungua daftari.

Msimamo wangu: achukue anaetaka, ila liwe juu ya yale mengine, lisije kuwa kimbilio la kutosoma Jiografia au Baiolojia. Na shule iwaite wazazi iwaeleze kabla ya usajili.

Huyu mpwa wangu nimemwambia abaki na EDK yake, ila jioni nakaa nae kwenye Hisabati. Wenye watoto form three na walimu wa Kigoma, nyie huko mnawaambiaje?