rdflib, Owlready2 au Java: ipi ya kuulizia uhusiano wa klasi kwenye ontolojia?

Koda_Njoro (Nakuru)
Habari wadau. Nahitaji ushauri kabla ya Ijumaa, bosi anataka nichague maktaba moja tuanze nayo kazi. Nina ontolojia ya mimea, yaani faili la dhana (kila moja huitwa klasi) na jinsi zinavyohusiana. Nikitaja klasi moja nataka nipewe zote zilizo chini yake, na za juu pia. Nimeona rdflib na Owlready2 za Python, na kwa Java kuna Jena na OWL API. Ipi nzuri?

BintiKakamega
Nzuri kwa kazi gani? Hujasema faili ni la aina gani wala lina ukubwa gani. Hujasema kama unataka uhusiano ulioandikwa tu au pia ule unaopatikana kwa mantiki. Na mashine yako ina RAM ngapi?

Fundi_Kondele (Kisumu)
Chukua rdflib. Unafungua faili, unaandika `g.transitive_subjects(RDFS.subClassOf, jani)`, unapata ukoo wote wa chini pamoja na jani lenyewe. Za juu ni `transitive_objects`. Ukipenda SPARQL, lugha ya kuulizia data ya namna hii, weka nyota baada ya `rdfs:subClassOf` (maana yake "ni aina ya") na ngazi zote zinafuatwa, hiyo imekuwepo tangu SPARQL 1.1 ya 2013. Inasoma Turtle, inasoma RDF/XML (hizo ni namna mbili za kuandika faili la ontolojia), na huhitaji Java kabisa.

Mzee_wa_Eldoret
Fundi, polepole. Nyota hiyo hufuata yaliyoandikwa tu. Niliwahi kuitwa kwenye mradi wa afya ambao sitautaja. Waliotutangulia walikuwa wamejenga ripoti ya magonjwa ya kuambukiza kwa njia hiyo hiyo. Ripoti ilitoka haraka na watu wakaizoea. Siku moja daktari akaikagua akauliza, nimonia ya bakteria iko wapi? Haikuwemo. Ontolojia ile haikuorodhesha magonjwa ya kuambukiza moja moja, iliyaeleza: ugonjwa wowote unaosababishwa na kiumbe wa aina fulani. Nimonia nayo iliwekwa chini ya magonjwa ya mapafu, ikapewa sharti kwamba husababishwa na bakteria. Ukitumia akili unaona iko pande zote mbili, lakini hakuna mstari wa subClassOf unaosema hivyo, na rdflib haiwezi kufuata mstari ambao haupo. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba masharti hayo hukaa kwenye nodi zisizo na jina, na programu ile ilikuwa ikizichuja zote kama takataka. Tulipitisha faili kwenye ELK, programu inayotumia mantiki kupata uhusiano ambao haukuandikwa, magonjwa yaliyopotea yakajipanga mahali pake. Ripoti za nyuma zikabidi zirudiwe, na kuna maamuzi ya ununuzi wa dawa yaliyokuwa yameshafanywa kwa hizo za kwanza.

Koda_Njoro
Asante mzee. Faili ni Plant Ontology, .owl ya RDF/XML. RAM ni GB 8. Kazi yenyewe: maafisa wa shambani wanaandika kutu ya ngano (ugonjwa wa kuvu) imeonekana sehemu gani ya mmea. Mtu akitafuta "jani" nataka apate pia walioandika ala ya jani, bapa la jani, au lile jani la juu kabisa karibu na suke.

BintiKakamega
Hapo ndipo ulipaswa kuanzia! Jani la juu ni aina ya jani, hilo subClassOf italileta. Ala na bapa si aina za jani, ni sehemu zake. Ziko kwenye sharti la "sehemu ya jani fulani", na uhusiano huo faili linauita BFO_0000050, usipoteze muda kutafuta kwa jina. Kwa hiyo hata ELK, ukiiuliza klasi ndogo za jani, haitakuletea ala.
Mimi ningetumia Owlready2. `jani.descendants()` inaleta aina. Kwa sehemu, pitia klasi zote ukiangalia `is_a`, masharti yamo humo humo pamoja na wazazi. Data inakaa kwenye SQLite, RAM ya 8 inatosha. Ila haisomi Turtle, na ukitaka HermiT, programu ya mantiki kama ELK, lazima uweke Java.

Fundi_Kondele
Hata rdflib inafanya hivyo. Unauliza `owl:onProperty` (uhusiano upi) na `owl:someValuesFrom` (na klasi ipi) ndani ya SPARQL, basi. Ukitaka sehemu za sehemu unaunganisha njia: `(rdfs:subClassOf|owl:someValuesFrom)*`.

Mzee_wa_Eldoret
Njia hiyo haichagui uhusiano. Plant Ontology ina pia "hukua kutokana na", kwa hiyo utamletea afisa vitu ambavyo si sehemu ya jani. Tumia OWL API na ELK: unda klasi mpya ya "sehemu ya jani fulani", ipange, kila kinachoangukia chini yake ni jibu. Sehemu za sehemu zinakuja zenyewe, kwa kuwa uhusiano huo umetangazwa kuwa wa mpito, yaani sehemu ya sehemu ni sehemu ya kitu kizima.

Sungura_Bungoma
Mnamtwisha kijana Java kwa ajili ya mmea mmoja? Ngano ina sehemu chache. Jedwali moja la mtoto na mzazi kwenye SQLite, `WITH RECURSIVE`, kazi imekwisha.

BintiKakamega
Na wakileta mahindi na mtama mwakani? Halafu Njoro ndiko ngano za nchi nyingi hupimwa dhidi ya Ug99, aina kali ya kutu ya shina. Data yao ikitumia namba za Plant Ontology, mtafiti wa nje anaisoma bila kuuliza mtu.

Sungura_Bungoma
Namba zinaweza kukaa kwenye jedwali langu pia, dada. Sijakataa namba.

Koda_Njoro
Bosi amesogeza hadi Jumatatu. Naegemea Owlready2, lakini hili la mpito limenifanya nisite. Mzee, OWL API na ELK zitaenda vizuri kwenye 8?

Mzee_wa_Eldoret
Kwa Plant Ontology, bila shida. ELK hupanga SNOMED CT, ontolojia ya istilahi za tiba, ambayo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana.

Sungura_Bungoma
Ongeza hadi 16 tu, hutajuta. Na uwe na betri nzima, huku kwetu stima imepotea tangu asubuhi.

Fundi_Kondele
Laptopu za mtumba za 16 zipo hapa Oginga Odinga Street. Yako ina SSD ama bado ni ile diski ya kuzunguka?