Naomba ushauri: insha ya matini tatu, mashairi yananigomea

Habari zenu wakuu. Insha ni ya maneno 1,500 kuhusu mamlaka ndani ya familia, ikijadili riwaya, tamthilia na diwani (mkusanyiko wa mashairi) kwa pamoja. Jedwali lipo tayari: matini tatu juu, hoja nne pembeni, na kila kisanduku kina dondoo fupi na ukurasa wake. Kumaliza riwaya, kisha tamthilia, kisha mashairi, halafu kuunganisha kwa "vilevile", naujua mtego huo. Hizo huwa insha tatu zilizogundishwa. Kwa hiyo kila aya inaanza na dai linalogusa angalau matini mbili, mfano: "Baba wa riwayani hutawala kwa kunyamaza, wa kwenye tamthilia asiposema hana nguvu."

Kinachokwama ni mashairi. Hayana wahusika wala msuko wa kulinganisha, hivyo visanduku viwili ni vitupu. Je, niyaingize kupitia nafsineni (sauti inayosema ndani ya shairi) na taswira, hata kama yatatokea kwenye aya mbili tu? Au nifute hoja moja? Kulazimisha dondoo sitaki, msahihishaji huliona hilo upesi. Na utangulizi: nitaje matini zote tatu, au dai kuu linatosha?