Asili ya Siku ya Shukrani ya Wamarekani, na namna ya kuiadhimisha nyumbani

Swali, kutoka Langoni, Lamu:
Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Dada yangu aliyeolewa Marekani atakuja Novemba hii pamoja na wanawe waliozaliwa huko, nao wameomba tuifanye hapa nyumbani ile Siku ya Shukrani waliyoizoea. Mama yetu hana neno na karamu, ila anataka kujua kwanza kama siku hiyo ni ibada ya dini nyingine au ni sherehe ya mavuno tu. Naomba mwenye kujua asili yake anieleze, ili nimpe mama jibu la kweli.

Jibu la kwanza, kutoka Malindi:
Wa alaykum salaam. Watoto hufundishwa kwamba ilianza Plymouth, katika Massachusetts ya leo, mwaka 1621. Waingereza 102 walikuwa wamefika mwaka uliotangulia kwa merikebu iitwayo Mayflower, na karibu nusu yao wakafa katika majira ya baridi ya kwanza. Waliosalia walifundishwa kupanda mahindi, kwa kufukia samaki pamoja na mbegu ili udongo upate rutuba, na mwenyeji aitwaye Tisquantum, ambaye mwaka 1614 alitekwa na Mwingereza akapelekwa Hispania kuuzwa, na alipojaliwa kurudi kwao akakuta kijiji chake chote kimeteketea kwa maradhi. Mavuno yalipopatikana, ilifanywa karamu ya siku tatu, na Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, wapatao 90 wakaja na mkuu wao Massasoit, wakaleta kulungu watano. Mama ajue kwamba wale Waingereza, waliokuwa watu wa dini sana, siku ya shukrani kwao ilikuwa siku ya sala, si ya karamu. Hivyo mkusanyiko ule wa 1621 ulikuwa sherehe ya mavuno.

Jibu la pili:
Naongezea kwamba sikukuu ya taifa ilikuja baadaye sana. Mwandishi Sarah Josepha Hale aliidai kwa miaka mingi, hata Rais Lincoln akaitangaza mwaka 1863, katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Tangazo lake lilihimiza kumshukuru Mungu, lakini leo watu wa kila dini huiadhimisha. Sheria ya 1941 ndiyo iliyoiweka Alhamisi ya nne ya Novemba.

Jibu la tatu, kutoka Malindi:
Ndugu yangu, usiwafiche watoto sehemu ya pili ya habari hii. Mwaka 1675 Metacom, mwana wa yule Massasoit aliyekula na wageni, alilazimika kupigana nao kwa ajili ya ardhi, akauawa mwaka uliofuata, na wengi katika watu wake wakauzwa utumwani. Tangu 1970, wenyeji wa asili wa Marekani hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Sisi wa Malindi, ambao mfalme wetu alimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 na kumpa rubani wa kumfikisha Bara Hindi, hatuwezi kuisoma habari hiyo kama ya watu wa mbali.

Jibu la nne, kutoka Mkomani, Lamu:
Mwanangu, mpe mama salamu zangu, na umwambie kwamba wazee wetu nao walikuwa na Siku ya Mwaka, iliyohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi ambayo wakulima na mabaharia waliifuata, na Makunduchi, Unguja, husherehekewa hadi leo kila Julai. Kumshukuru Mola kwa chakula si jambo geni kwetu. Bata mzinga, ambaye Wamarekani humla siku hiyo, msihangaike kumtafuta. Pikeni kuku wa kupaka na wali wa nazi, na wajukuu wakalishwe juu ya mbuzi wakune nazi wenyewe, wachuje tui, lile zito liwekwe kando hadi mwisho. Mahindi mabichi pia yawepo, kwa kuwa asili yake ni hukohuko Amerika, na habari ya Tisquantum isimuliwe yakiwa mkononi. Karamu iwe baada ya adhuhuri, kwa sababu usiku wa kuamkia Ijumaa una shughuli zake, na majirani wapelekewe sahani zao kabla ya alasiri.