Naomba ushauri: kitochi cha kumnunulia mama

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana genge Mbagala, na simu yake imekufa kabisa baada ya kuingia maji. Nataka kumnunulia kitochi (simu ndogo ya vitufe), bajeti yangu haizidi 50,000.

Matumizi yake ni kupiga, kupokea na M-Pesa. Bando la mwezi hana haja nalo, anaweka vocha ya 500 au 1,000 pale salio linapoisha. Simu janja tulishajaribu ikamsumbua: chaji haimalizi siku, na salio linaliwa na programu zinazojisasisha zenyewe. Pesa anatuma kwa kubonyeza *150*00#, haihitaji intaneti, kwa hiyo kitochi kinamtosha.

Laini mbili ni lazima, maana wateja wengine wanalipia kwa mtandao mwingine. Vitufe viwe vikubwa, macho yake si kama zamani. Na tochi, kwa sababu anafungua genge alfajiri.

Jumamosi nilizunguka Kariakoo nikabaki njia panda kati ya Nokia 105 na itel. Duka moja walinipa "Nokia" ya bei ya chini mno. Nilipobonyeza *#06#, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) iliyotokea haikufanana na ya kwenye boksi. Nikawarudishia.

Mliotumia hizi mbili zaidi ya mwaka, ipi betri yake inadumu? Ipi namba za vitufe hazifutiki haraka? Na sauti inasikika vizuri penye kelele za daladala? Nataka nimpelekee kabla ya wikiendi, sasa hivi kumpata mpaka nimpigie jirani.